Sura Haitupwi

Makao Makuu, tarehe 4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi na majirani wote. Mimi ni mzima wa afya, na baridi ya huku nimeshaizoea. Mwambie shangazi kwamba dawa ya magoti nimemwagizia, itakuja na mtu.

Mama, nimepandishwa cheo. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye mwandishi mkuu wa hotuba na matangazo katika ofisi ya Kiongozi. Nina chumba changu cha kazi, na nyumba waliyonipa iko ghorofa ya sita, lifti inafanya kazi. Unamkumbuka yule mwalimu wa hesabu aliyesema nitaishia kupiga misumari kama mama yangu? Juzi kaniandikia ananiomba nimtafutie mwanawe kazi. Sijamjibu, na sitamjibu.

Ndani ya bahasha kuna picha. Ni mimi na Kiongozi, siku alipotuandalia chakula sisi wa ofisini kwake. Nilikaa kiti cha tatu kutoka kwake. Wale wakubwa hawajui chochote kuhusu maisha ya watu wa chini, kwa hiyo niliwasimulia visa vya dukani kwetu, wakacheka sana, na Kiongozi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Huyu binti ana akili." Natamani ungekuwepo.

Naomba uitie picha hiyo fremu nzuri, si zile za mbao laini unazowauzia watu wa sokoni. Itundike sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia anaiona kwanza. Wapo waliokuwa wakisema mtoto wa fundi fremu anajidai. Waione sasa.

Mwanao akupendaye.


Nyumbani, tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Shangazi yako magoti yanamuuma lakini mdomo haujambo, na hiyo dawa uliyomwagizia haijaonekana, sijui huyo mtu wako anakuja kwa kutambaa. Paa la jikoni linavuja palepale. Mwenye bucha hapa mbele amegombana na mkewe, mke kaondoka na kisu kizuri, na sasa mtu mzima anakata nyama kwa kisu cha mkate.

Picha nimeipata. Umependeza, ila viatu vinakubana. Nakujua unavyosimama viatu vikikubana. Huyo Meno wako naye nimemtazama kwa karibu kuliko nilivyozoea. Anacheka kwa mdomo tu. Macho yanahesabu vijiko.

Nimefremu watawala watatu katika maisha yangu. Mzee wa Fimbo alikuja kwa kipimo cha sinia. Mwenye Miwani akaja kwa kipimo cha mlango wa kabati. Huyu Meno, picha yake ya shuleni ilishindikana kuingia kwa mwalimu mkuu, ikabidi dirisha ling'olewe. Picha ikizidi ukubwa, chaki inazidi kupungua. Hilo si la vitabuni, nimelipima kwa futi yangu.

Huko juu ghorofa ya sita nadhani watu husahau, kwa hiyo ngoja nikukumbushe. Wakati wa yale mapinduzi ya wiki moja, wanajeshi walimwamuru bibi yako akusanye picha zote za Mzee wa Fimbo azichome barabarani. Akazichoma. Kabla wiki haijaisha Mzee akarudi na ndege, wanajeshi wakatoweka, na aliyebaki na majivu mikononi ni nani? Mwanamke mmoja mwenye duka la fremu. Watu wa Mzee walimchukua, wakamrudisha baada ya miaka miwili, vidole vimepinda kama mizizi ya tangawizi, hakuweza tena kushika msumari. Ndipo akaniambia: sura haitupwi. Mpya inakaa mbele, ya zamani inabaki nyuma yake, inashikilia kioo kisicheze. Hujui kesho nani atarudi. Kwa hiyo kila fremu ya mtawala katika mji huu ina wenzake mgongoni, na jambo hilo tumelijua watu watatu tu: bibi yako, mimi, na wewe uliyekuwa ukinishikia misumari.

Sasa nakuuliza, mwanangu mwenye akili. Uliwasimulia visa gani?

Mama yako.


Makao Makuu, tarehe 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Hali yangu ni njema. Pole kwa paa. Nitaona la kufanya mambo yakitulia.

Barua yako imenifikia, tena imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya kwa gundi. Tafadhali punguza maneno. Mkuu wa nchi haitwi Meno. Wewe una nafasi ya kuchekacheka nyuma ya meza yako ya kazi, mimi nafanya kazi na watu wanaosoma.

Nimekwazika, nisiseme uongo. Kila mzazi hapa akisikia mtoto wake yuko ofisi ya Kiongozi anaita majirani. Wewe umetazama viatu. Umewafremu madhalimu wote waliopita, ukawapigia misumari ya shaba na kuwafuta vumbi, halafu unatudharau sisi tunaoamini kitu. Mwenye Miwani alipomfunga baba, ulifanya nini? Nilikuwa mdogo lakini naona mpaka leo. Ulibeba vioo vyako kichwani ukaenda gerezani kumtundika Mwenye Miwani kwenye kuta zao. Baba yuko ndani, wewe unampamba aliyemfunga. Watoto wa shule waliniimba. Sikukuuliza wakati ule kwa sababu niliogopa jibu.

Kuhusu visa, vilikuwa visa vya kuchekesha tu, vya mezani.

Jambo moja. Naomba usafishe duka kabla Aprili haijaisha. Usafi wa kweli, mama, mpaka nyuma. Siwezi kueleza zaidi.

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Mimi mzima. Shangazi anakusalimu na anauliza kama dawa yake imepata cheo nayo. Mwenye bucha amepatana na mkewe, kisu kimerudi.

Barua yako ya Machi imefika juzi. Wenye kazi ya kusoma barua huko kwenu ni wazito, nadhani wanafuata maneno kwa kidole. Unaniambia nisafishe duka mpaka nyuma. Ahsante. Lilikuwa limeshasafishwa na wengine.

Tangazo lilikuja kwa gari lenye spika. "Yeyote atakayekutwa amehifadhi sura ya utawala uliopita nyuma ya sura ya Kiongozi atahesabiwa kuwa adui aliyejificha." Nilikuwa nakata kioo, nikaweka kikata kioo chini. Nyuma ya sura! Ni nani katika serikali nzima anayejua kwamba picha ina nyuma? Mawaziri hao hata mbele yao hawaoni. Watu watatu walijua, mmoja yuko kaburini, mmoja alikuwa amesimama na kioo mkononi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwangu nilimbeba mgongoni.

Walikuja asubuhi, Katibu wa chama na askari wawili. Katibu unamjua, ni yule aliyekuwa akikata tiketi pale sinema na kujichukulia viti vya mbele. Wakang'oa fremu ya ukutani kwangu. Akatoka Meno, akatoka Mwenye Miwani, akatoka Mzee wa Fimbo, wote wamelala kifudifudi kama wagonjwa. Katibu akaruka nyuma utadhani kaona nyoka. Wakapekua fremu zote za dukani, wakaingia na nyumbani, kisha wakanipeleka kituoni.

Mkuu wa kituo akavuta kiti, akafungua kalamu. "Mama, unalijua kosa lako?"

Nikatazama ukuta juu ya kichwa chake. "Nalijua, afande. Naliona hapo. Hiyo niliifunga mimi."

Akageuka polepole. Meno akamchekea.

"Na humo wamo?"

"Wote wawili."

Akainuka akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akarudi akakaa, sauti imeshuka. "Na ya mahakamani je?"

"Na ya mahakamani. Na ya ofisi ya Katibu, tena ya Katibu ina hadi kalenda ya bia, karatasi iliniishia."

Nililala kituoni kwa heshima ya tangazo lako. Asubuhi wakaniachia bila hata kuandika kitu, maana wangeandika nini? Lakini Katibu alitaka aonekane amefanya kazi. Duka limepigwa lakiri, na vifaa vyangu vyote vimechukuliwa, koleo, nyundo, na kikata kioo cha bibi yako, kile ambacho hata walipomvunja vidole hakukitoa.

Nakuuliza mara ya pili, na safari hii sitaki habari za lifti. Uliwasimulia visa gani?

Mama yako.


Makao Makuu, tarehe 19 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimesikitishwa na usumbufu ulioupata. Natumaini afya ni njema.

Tangazo hupita mikono mingi kabla ya kutoka. Si haki kumnyooshea kidole mtu mmoja. Hata hivyo nimelishughulikia suala lako kadiri ya uwezo wangu, na kuna njia. Ndani ya bahasha kuna maelezo mafupi nimeyaandaa. Yanasema ulipotoshwa na mazoea ya zamani, unajutia, na unamshukuru Kiongozi kwa uvumilivu wake. Ukitia sahihi tu, lakiri itaondolewa na vifaa vitarudi, pamoja na kile cha bibi. Yatatoka gazetini pamoja na picha yako, ukurasa wa ndani.

Mama, nakuomba usilitazame kwa hasira. Hapa ofisini wameanza kunong'ona. Jana kiti changu mezani kilikuwa cha tisa. Wanasema atawezaje kuandika maneno ya Kiongozi mtu ambaye mama yake anaficha maadui ukutani. Usipotia sahihi, mimi ndiye nitakayeondoka. Ni sahihi tu. Umewatengenezea kila kitu walichokuagiza wale wengine wote, hii moja unifanyie mimi.

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua zimekatika, paa limeacha kuvuja lenyewe bila msaada wa serikali.

Maelezo yako nimeyasoma. Yameandikwa vizuri, bila kosa hata moja. Nimeyatumia kuwashia jiko, na hata hapo hayakufaa, karatasi yenu nzito, haishiki moto. Sitatia sahihi. Bibi yako waliomvunja vidole walitaka maneno hayohayo, "nilipotoshwa, najuta, nashukuru." Wewe angalau ungebuni mengine. Kumbe kazi yenu yote ya kusoma ni kunakili.

Kiti cha tisa! Nakuonea huruma, na huruma hiyo imechanganyika na dharau, sitakuficha. Nilidhani nimezaa mtu, kumbe nimezaa mkia unaotafuta mbwa wa kuning'inia.

Sasa la baba yako, kwa kuwa umelitaja. Sikuwahi kulisema kwa sababu ulikuwa mtoto, na mtoto huzungumza. Naona tabia haijaisha. Gereza lile halikuruhusu mke kumwona mumewe. Lakini kila ofisi ya gereza ilitaka Mwenye Miwani ukutani, na fundi alikuwa mimi. Kwa hiyo nilikwenda. Na nilizifunga fremu zile vibaya, kwa makusudi, misumari mifupi, kioo kimelegea, ili zikianza kulia kwa upepo niitwe tena kuzikaza. Nikaitwa, tena na tena. Bwana jela alinidharau, alisema sijawahi kuona fundi mbovu kama huyu mama. Na kila nilipopita uani na vioo kichwani baba yako alikuwa akichota maji kisimani, akaniona, nikamwona. Hatukusalimiana. Siku moja nikapita, nikakuta mtu mwingine ndiye anayechota. Fremu ile niliikaza vizuri, sikurudi tena.

Hizo ndizo fremu mbovu pekee nilizowahi kutengeneza. Waimbie hao watoto wa shule.

Huku nafanya kazi kwenye ukumbi wa nyuma, picha za harusi na za marehemu, kwa koleo la kuazima kwa fundi baiskeli. Nina wateja wapya. Hakimu alikuja na kitu kimefungwa kwa shuka. Mkuu wa kituo akaja na chake kwenye gunia la mkaa. Katibu mwenyewe alikuja, amekumbatia Meno kifuani kama mgonjwa, anataka nimtolee hao wa nyuma kimyakimya. Nikawaambia wote neno moja: samahani, duka limefungwa na serikali. Basi wanakaa nao ofisini, wanavitazama vioo vyao wakitoka jasho.

Usiniandikie mpaka uwe na jibu la swali langu. Hii ni mara ya tatu.

Mama yako.


Kwa watu, tarehe 11 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaisoma. Nimeiandika kwa penseli kwa sababu ndicho kitu nilichopata.

Umesikia redioni, bila shaka. Kiongozi aliondoka alfajiri, na wengi wa mezani waliondoka naye. Mimi sikuambiwa. Nilifika ofisini nimeshika hotuba ya siku hiyo, nikakuta milango wazi na mpishi anabeba viti. Nilishuka ghorofa zote kwa ngazi. Mitaani walikuwa wanazikanyaga picha zake, na mtu mmoja alinitambua, nikavua viatu nikakimbia. Nimejificha kwa msichana aliyekuwa akifagia ofisi yangu. Nimefanya kazi naye muda wote ule na sikuwa nikijua kwamba ana watoto. Ananipa kitanda chake, yeye analala chini na wanawe, na hataki nimshukuru.

Uliniuliza mara tatu. Walicheka sana, mama. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu, na walikuwa wananitazama mimi. Kisha yule wa usalama aliyekuwa mkabala wangu akaacha kucheka, akatoa kalamu. Nilimwona akiitoa. Nikaendelea kusimulia.

La baba nimelipata. Nimeisoma barua ile kila siku tangu Julai.

Nina ombi moja. Ile picha niliyokutumia, mimi na yeye, watakuja kuitafuta. Ichome, mama. Nakuomba sana, usiiweke hata siku moja zaidi.

Shangazi hajambo? Na basi la kutoka huku, bado linasimama mbele ya duka?

Mwanao.


Nyumbani, tarehe 25 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Shangazi yako anatembea kwa fimbo lakini anatembea, na dawa yake tumeacha kuiulizia. Barua yako imefika haraka, haikufunguliwa. Wale wasomaji nadhani nao wamejificha mahali.

Duka liko wazi. Lakiri aliipasua Katibu mwenyewe, kwa meno, maana amerudi, usidhani. Amebadilisha beji tu. Alikuja na furushi, "Mama, mtawala mpya huyu, tunamtaka ukutani kufikia Ijumaa." Nikalifungua. Huyu ana masharubu, na ni mkubwa kuliko Meno, safari hii shule itabidi ing'olewe ukuta. Nikamuuliza Katibu, hawa wa zamani tuwatoe? Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akasema, "Fundi ni wewe, mama." Nikamweka Masharubu mbele, na Meno akarudi nyuma na wenzake. Aliondoka ananishukuru. Mkuu wa kituo naye, vilevile. Hakimu naye. Nchi nzima inaongozwa na watu hawa, na wewe ulitaka wakuone una akili.

Kikata kioo cha bibi yako kimepatikana stoo ya chama, walikuwa wakikatia sabuni. Koleo na nyundo havijaonekana.

Jibu lako nimelipata. Ulimwona akitoa kalamu ukaendelea kusimulia. Nimelisoma mara moja, nikaenda kukaa ukumbini, na nimekasirika mpaka leo, na nitakasirika ukiwa umekaa mbele yangu unakula. Usije ukadhani kwa kuwa umelia nitakubembeleza. Kiti cha tatu! Huku kwetu viti ni vinne na kimoja ni kibovu. Utakaa hicho kibovu.

Kuhusu picha, unaniambia niichome. Umelelewa na nani wewe? Nilikutia fremu siku ileile ulipofika, mbao ngumu, misumari ya shaba, sikukuambia kwa sababu hukustahili kuambiwa. Nikakuweka nyuma ya picha ya bibi yako, ile ya sebuleni ambayo amekunja mikono ili vidole visionekane. Wakati wa tangazo lako askari walipekua nyumba nzima wakang'oa kila fremu. Ile waliipita. Juzi wakaja hawa wapya kukutafuta wewe, wakapekua, wakaipita. Nani atahangaika na kikongwe? Umekaa mgongoni kwake miezi minane, na hajakudondosha.

Basi bado linasimama hapa mbele, lakini wewe shuka kituo kinachotangulia, upitie uani kwa mwenye bucha, nimeshazungumza na mkewe. Mlete na huyo msichana anayelala chini, na wanawe. Huyo namtaka kumwona.

Pitia na dukani kwa fundi baiskeli uazime koleo. Ile misumari utaing'oa mwenyewe, mimi sitakufungulia, na utamtoa bibi yako kwanza, umtazame vizuri, ndipo ujifikie.

Vaa viatu visivyobana.

Mama yako.